Jibu: Binti wa miaka 12 kujiunga na skauti hapa Tanga

Dada, umeuliza kama skauti ni ya wavulana tu. Hapana, mabinti wanapokelewa. Kama shuleni kwake hakuna kundi, ulizia shule jirani, uonane na mwalimu anayewasimamia. Sare usikimbilie kushona. Mwache kwanza ahudhurie mazoezi, aone kama anapapenda.

Huko kuna kwata, huduma ya kwanza, kambi na mafundo. Lile la kufungia bendeji huanza kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukikosea mkono, linateleza.

Ila bibi yake mwambie mapema: skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Kwa wazee wetu wa Ngamiani hiyo ni kesi! Kambi ikitangazwa, uliza nani atawasimamia wasichana usiku.