Anzeni na jambo dogo linaloonekana

Ndugu yangu, umeuliza utawashawishi vipi wanakijiji wenzako wa pwani wapokee wageni wa utalii, maana wazee wanakwambia hayo ni mambo ya mjini. Usiwalaumu. Wameona miradi mingapi ikija na vibao, kisha ikatokomea?

Usianze na mkutano wa hadhara. Kaa na akina mama wa kikundi wakikuna nazi, uwaulize wao wangependa kuonyesha nini. Tazama kijiji cha Gazi, kule Kwale, pwani ya Kenya: wanawake wana njia ya mbao katikati ya mikoko, mgeni analipia kupita na kula chakula cha kwao. Tangu 2013 Gazi na jirani zao Makongeni wanauza pia hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kutunza mikoko inayofyonza hewa hiyo, kupitia Mikoko Pamoja, mradi unaotunza hekta 117, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mfereji ukitoa maji, nani atabisha?

Mapato yenu yabandikwe ukutani pale barazani, hadi shilingi ya mwisho. Fedha zikifichwa ndipo vikundi vingi huvunjika. Picha za kutangaza kijiji wapige vijana wenu wenyewe. Na mgeni wa kwanza akifika, mzee aliyepinga zaidi ndiye umwombe amsimulie habari za kijiji chenu.