USIIFUTE HIYO DISKI YA ZAMANI! (Kwa kijana wa Malindi na SSD yake ya 1TB ya shilingi 3,200)

Weka chini bisibisi. Halafu usome.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Uko Malindi, una laptopu ya zamani yenye Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, hadidiski ya GB 500 imechoka, na umeona SSD, ile diski isiyozunguka, ya 1TB kwa shilingi 3,200. Umeuliza mambo matano: SATA au NVMe (aina mbili za kuchomeka SSD), kunakili mfumo mzima au kuweka Mint upya, TRIM (kuiambia SSD nafasi zipi zimeshafutwa), RAM, na betri. Sawa. Lakini kilichonipandisha presha ni ule mstari wa mwisho ulioutupa kama salamu ya mlangoni: "nikishahamisha vitu vyangu nitaifomati ile ya zamani, kuna jamaa anaitaka kwa 1,500."

Hata bei ni ile ile! Mimi nami niliiuza yangu 1,500. Nikadhani kuna mtu ananichezea.

Mimi napiga picha za harusi hapa Lamu, upande wa wanawake. Kwa wale wa bara: siku ya kupamba bibi harusi, mwanamume haingii, wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, na mpiga picha lazima awe mwanamke tena anayeaminika. Picha hizo haziendi WhatsApp, haziendi Google Drive, haziendi popote. Mama wa bibi harusi alinishika mkono akaniambia zikae kwenye mashine yangu, zikiwa tayari nimpe yeye mwenyewe. Kwa hiyo asije mtu hapa na "dada, si ungeziweka kwenye intaneti?" Nisingeziweka. Ningefukuzwa kisiwani nikiwa nimepandishwa punda kinyumenyume.

Laptopu yangu ilikuwa ndugu wa hiyo yako. Nilinunua mtumba, nikaweka Mint kwa sababu Windows ilikuwa inaizika hai. Kuiwasha tu ulikuwa unaweza kwenda kununua mahamri, ukarudi, ukakuta bado inahema. Nikasoma kwamba dawa ni SSD, na hilo ni kweli kabisa, silikatai. Hadidiski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inasoma MB 100 hivi kwa sekunde ikiwa imeamka vizuri, SSD ya SATA inafika 500 na zaidi, na kubwa kuliko hilo, haina sindano ya kutangatanga ikitafuta vipande vya faili. Utahisi umenunua mashine mpya.

Nikaipata kwenye duka moja Mombasa. Silitaji, wanajijua. 1TB kwa shilingi 3,500, wakati ya jina linalojulikana nilitajiwa karibu mara tatu ya hapo. Na mimi nikajiona mjanja! Nikaona wengine ndio wanaoibiwa kwa kulipia jina. Jamaa akanipigia simu ya video, akaichomeka mbele yangu, akaniambia, "Dada, tazama mwenyewe, 931. Imetimia." (931 yenyewe si wizi. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, ndiyo maana 1TB inaonekana 931. Kwa hiyo hata uongo wake ulikuwa na hesabu sahihi.) Ikapanda basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti, nikaipokea jetini kama mgeni kutoka Makka.

Nikaipachika. Nikaweka Mint mpya. Ikawaka kwa sekunde ishirini na kitu, nikapiga vigelegele peke yangu chumbani. Hadidiski ya zamani nikaitia kwenye kasha la USB, nikahamisha GB 380 kwa rsync (programu ya kunakili faili), usiku kucha. Asubuhi imemaliza. Hakuna kosa hata moja. Majina ya faili yote yapo, ukubwa sawasawa. Nikafungua picha tatu nne za mwisho: bibi harusi anang'aa, hina imekolea. Alhamdulillahi. Nikaifomati ile ya zamani, nikamuuzia kijana mmoja wa Matondoni. Kadi za kamera nilikuwa nazo mbili tu, nazo nilishazifuta kwa kazi nyingine.

Sasa hapa usome polepole.

Siku tatu nzima laptopu ile sikuizima, nilikuwa naifunga tu ilale. Siku ya nne umeme ukakatika, betri ikafa, nikaiwasha upya. Mint ikawaka vizuri, haraka vilevile. Nikafungua folda ya harusi. Picha ya kwanza, sawa. Ya arubaini na kitu, bibi harusi kichwani mpaka kidevuni, kuanzia shingoni kijivu kitupu. Baada ya hapo, hakuna. Folda nyingine zinakataa kufunguka. Nyingine majina yamepotea kabisa, kama watu waliohama usiku.

Ile diski haikuwa ya GB 960 wala ya 1,000. Nilipoipima baadaye ilikuwa na sitini na kidogo. Programu iliyomo ndani ya diski yenyewe imechezewa ili ikiulizwa "una ukubwa gani?" ijibu 1TB. Chukua daftari la kurasa 60, jaladani umeandika kurasa 1,000, na karani wake ameapa kutosema kwamba zimekwisha. Ziko diski zinazorudi ukurasa wa kwanza na kuandika juu ya maandishi yako. Ziko zinazopokea, zinasema "nimeandika", na zinatupa. Yangu ilikuwa ya watupaji. Ndiyo maana Mint haikuguswa, ilikuwa kurasa za mwanzo.

Basi zile picha nilizofungua asubuhi zilitoka wapi? Kwenye RAM. Linux ikimaliza kunakili faili huyaweka ya mwisho kwenye kumbukumbu ili ukiyataka usisubiri. Nilikuwa natazama kivuli nikadhani mtu yupo. Ukizima mashine, kivuli kinaondoka. Hili hakuna aliyeniambia, na nimelilipia.

Na msijisumbue na lsblk, ile amri ya Linux ya kuorodhesha diski. lsblk inaiuliza diski, diski ikisema uongo, nayo inakuletea uongo ule ule kwa mpangilio mzuri. Wala uzito hausemi kitu, hata za kweli siku hizi ni nyepesi, ukizifungua unakuta ubao mdogo na nafasi tupu.

Nikampigia yule wa Mombasa. Kwanza, "Dada, hizo bei ndivyo zilivyo." Nikamwambia nataka pesa yangu. Akasema, sikilizeni jamani, akasema, "Umeitumia Linux, hiyo ndiyo imeharibu. Ungetumia Windows ingekuwa sawa." Mtu ameniuzia daftari la kurasa 60 ananiambia kosa ni kalamu! Akakata. Kesho yake picha yake ya WhatsApp siioni tena. Mungu amlipe kwa kipimo chake: amjazie pishi sitini amuandikie elfu.

Nikaenda Matondoni kumtafuta yule kijana. Alikuwa ameshajaza tamthilia za Kituruki mpaka ukingoni. Akanionea huruma, akaniazima diski, nikapitisha photorec (programu ya kufukua faili zilizofutwa) siku mbili. Nikaokoa picha 214, karibu zote za harusi ya mwaka wa nyuma ambayo nilishalipwa. Ya huyu bibi harusi zikapatikana kumi na moja, na katika hizo, tatu ni za sinia la biriani.

Nilirudisha 35,000. Hiyo si iliyouma. Iliyouma ni kukaa kwenye kiti cha mama yule, ameniletea kahawa, na kumwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Zote, mwanangu?" Baadaye wakakubali tumpambe tena bibi harusi nyumbani, watu wachache, hina imeshaanza kufifia, shangazi aliyekuja kutoka Muscat amesharudi kwao. Ukizitazama picha zile utaona wanatabasamu kwa adabu. Nilizipiga bure na nikanunua asumini mimi.

Haya, kijana. Kama ni lazima ununue hiyo ya 3,200 (na mimi nakwambia usinunue, chukua ya GB 240 ya jina linalojulikana, yenye risiti), basi kabla hujaweka Mint, kabla ya chochote, itie kwenye kasha la USB, uifomati, halafu uandike amri hizi (f3 ni programu ya kupima ukubwa wa kweli wa diski):

sudo apt install f3
f3write /media/jina-lako/diski
f3read /media/jina-lako/diski

f3write inaijaza diski faili za GB moja moja mpaka isibaki nafasi. f3read inazisoma zote na kukuambia zipi ziko salama na zipi zimepotea. Kwa mlango wa USB 2, diski ya 240 itakula kama saa mbili kuandika na mbili kusoma. 1TB ni kazi ya usiku na mchana wake. Iache. Nenda ufukweni. Kama muuzaji hataki kukupa nafasi ya kupima na kurudisha, umeshapata jibu bila hata kupoteza umeme.

Ikipita, hamisha vitu vyako, UZIME MASHINE, uiwashe, ndipo ulinganishe na ile ya zamani:

rsync -ancv /njia/ya/zamani/ /njia/mpya/

Hiyo haibadilishi kitu, inasoma kila faili pande zote mbili na kukutajia zisizofanana. Ikitaja faili ambazo hujazigusa, simama. Na hata ikinyamaza, ile ya zamani haiguswi. Itie kwenye soksi, itie kabatini, miezi mitatu.

Aliyejibu hapo juu kwamba "yangu ya bei hiyo hiyo inafanya kazi mwaka wa pili": umejaza kiasi gani, ndugu? GB 30? Basi hujafika ukurasa wa 61. Pima usiku huu uje utuambie, nami nitafurahi kuaibika.

Maswali yako mengine. SATA: kama ndani kuna hadidiski ya inchi 2.5, unanunua SATA ya inchi 2.5, hiyo NVMe uliyoiona huenda haina hata pa kuingia. TRIM: Mint inaifanya yenyewe kila wiki, usiiguse. Kunakili au kuweka upya, weka upya. RAM... uliuliza kama utosheke na 4 au uongeze? Mimi yangu ilikuwa na 8, wenye 4 watakujibu. La tano, la betri, litangoja, simu yangu iko asilimia tisa, hapa Langoni giza tangu magharibi.

Huyo jamaa wa 1,500 mwambie arudi baada ya Idi.