Maganda ya machungwa kwenye marashi: kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza marashi, naona wengi mnaanzia na maganda ya machungwa maana ni ya bure, ukipita Buguruni au Kariakoo wauza machungwa wanamenya pale pale na maganda yanarundikana. Na ni mali kweli. Mafuta yanayonukia yako kwenye vifuko vidogo vya ganda la nje, ile nyeupe ya ndani ni uchungu tu, na muuzaji anavyomenya kembamba na kisu chake anakupa sehemu yenyewe hasa. Ongea nae akuwekee kwenye mfuko safi, ukifika nyumbani osha.

Mimi nililoweka maganda mabichi kwenye spiriti ya duka la dawa ya 70%, ikatoka maji yenye ukungu, harufu haieleweki. Ganda bichi lina maji, na mafuta yake hayakai vizuri kwenye spiriti dhaifu. Anika kivulini siku mbili tatu, tumia ethanoli ya 96%, na uwe na uhakika sio methanoli maana ile ni sumu.

Sasa hapa ndo wengi mnakata tamaa: imenukia vizuri asubuhi, saa moja baadae hakuna kitu. Hujakosea. Mafuta ya chungwa zaidi ya 90% ni limonini, na limonini inapaa haraka, kwa joto letu hili ndo kabisaa. Ukiongeza maganda hupati kitu, tafuta harufu nzito ya kuibeba kama sandali, pachuli, ubani. Hata duka la marashi la familia ya Farina lililofunguliwa mji wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1709, manukato yake yalisimama kwenye machungwa, limao na bergamot (tunda la jamii ya machungwa), na hadi leo marashi ya aina hiyo, kolonya, watu wanajipaka tena na tena. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia iliyojaa, sehemu ya baridi, hewa ikiingia limonini inaharibika na inaanza kuwasha ngozi.

Ila naomba mnisikilize sana kwenye ndimu na limao. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda yake yana vitu vinavyofanya ngozi iungue ikipigwa na jua, bergamot ndo mbaya zaidi, chungwa tamu halina shida hiyo. Niliuza marashi ya ndimu, dada mmoja akajipaka shingoni akaenda Coco Beach, akapata malengelenge kisha madoa meusi yaliyokaa miezi. Nilimrudishia hela lakini iliniuma sana. Siku hizi yenye mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa naandika kwenye lebo kwa herufi kubwa: PULIZA KWENYE NGUO, SIO NGOZI, na namwambia mteja kwa mdomo pia, nguo nyeupe aiache maana inabaki na rangi.