Je, mwarobaini ni kiuavijasumu?

SWALI: Ninauza mitishamba Kayole, Nairobi. Kwenye bango langu nimeandika: "Muthiga na mwarobaini, viua vijasumu asilia. Vinatibu bakteria, virusi na malaria." Mteja mmoja, muuguzi, ameniambia Kiswahili hicho kina makosa. Yako wapi?

JIBU: Dada yangu, kosa dogo ni la tahajia. Kiuavijasumu, yaani antibiotiki, huandikwa neno moja, sawa na kiuatilifu na kiuagugu. Wingi wake ni viuavijasumu.

Kinachonisumbua zaidi ni kitenzi "vinatibu". Anayetibiwa ni mgonjwa, au ugonjwa wenyewe. Bakteria hatibiwi: huuawa, au huzuiwa asizaane. Na hapa, dada, kuchagua kitenzi ni kuchagua ushahidi. Watafiti wanaochunguza magome ya mti wa muthiga huotesha bakteria au kuvu kwenye sahani ya maabara, kisha huweka humo kijikaratasi kilicholowa dondoo, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka kwenye magome. Viumbe hao wasipoota karibu na kijikaratasi, pale hubaki duara tupu. Duara hilo linakuruhusu kusema dondoo "imezuia". Ili useme "imeua", sharti sampuli ichukuliwe pale pale na kuoteshwa upya, ionekane kwamba hakuna kilichosalia hai. "Kutibu" kuko mbali zaidi, kwa maana hapo tunamzungumzia mtu mwenye ini na figo zake, aliyepewa kipimo kinachojulikana, akapata nafuu. Mama mwenye mtoto anayechemka kwa homa akisoma "vinatibu malaria" huenda asifike zahanati. Ndiyo sababu sioni kwamba muuguzi alikuwa mkali kupita kiasi.

Sisemi muthiga hauna kitu. Magome yake yanawasha ulimi kama pilipili, na miongoni mwa kemikali zilizomo ni poligodiali, ambayo maabara zimeonyesha inaua kuvu. Mwarobaini nao una jina ambalo tayari limebeba sifa ya kuponya maradhi arobaini. Ni sifa ya mapokeo, na Waswahili huielewa hivyo bila kuongezewa chumvi.

Sasa neno kiuavijasumu. Hospitalini linatumika kwa dawa za bakteria, kama penisilini. Virusi havifi kwa dawa hizo, kwa hiyo kuvitaja chini ya neno hili ni kupotosha. Malaria nayo huletwa na kimelea kiitwacho plasmodiamu, ambacho si bakteria wala si kirusi. Artemisinini ni mfano mzuri. Ilitolewa kwenye mmea wa jamii ya pakanga nchini China katika miaka ya 1970, na kazi hiyo ikampatia Tu Youyou sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Imetoka mmeani, imethibitishwa kwa wagonjwa, na bado tunaiita dawa ya malaria, si kiuavijasumu.

Ukitaka neno linalowakusanya bakteria, virusi, kuvu na vimelea pamoja, tumia "viini vya magonjwa", ambalo wateja wako wa Kayole wanalielewa. Lakini usidai mti mmoja unavimaliza vyote.

Mimi ningeandika hivi: "Magome ya muthiga na majani ya mwarobaini: mitishamba ya jadi yenye kemikali za kuzuia baadhi ya viini." Malaria ningeifuta kabisa, na anayekuja na homa ningemwambia akapimwe damu kwanza.