Baa ya Dar ina mifuko mitatu, ijue kabla hujaagiza

Watu wengi wanaolalamika kwamba baa za Dar zinapiga wateja huwa wanamlalamikia mtu siye. Unakuta jamaa mzima anamfokea dada wa watu anayehudumia kwa ajili ya mbuzi aliyechelewa saa nzima, wakati yule dada hana mamlaka yoyote na huyo mbuzi, jikoni siyo kwake na mara nyingi wala siyo kwa mwenye baa. Ukishalielewa hili utakunywa kwa amani, uwe Sinza, Tabata, Kinyerezi au Mbagala, mfumo ni uleule.

Iko hivi. Baa nyingi za mtaani, na hizi za saizi ya kati zenye skrini ya mpira na bendi wikiendi, ni biashara tatu ndani ya uzio mmoja. Kuna kaunta, hiyo ndiyo ya mwenye baa, hela yake iko kwenye vinywaji. Kuna jikoni, ambako mara nyingi amepangishwa mtu mwingine kabisa, analipa pango na faida ni yake, na sehemu nyingine hata kitimoto ina mwenyewe na chipsi kuku zina mwenyewe. Halafu kuna mhudumu, watu wanamchukulia kama mfanyakazi tu ila kihesabu ni duka linalotembea, maana bia anazichukua kaunta kwa jina lake, anaandikiwa, na usiku wakifunga anatakiwa arudishe hela ya kila chupa. Mteja akiingia mitini, ile hela inamtoka yeye.

Kwa hiyo akija kukuambia "kaka naomba nifunge hesabu, natoka shifti" usinune, hajakudharau wala hajakuona huna hela. Mlipe yote, mwambie na huyo anayeingia kwamba unaanza upya, basi. Bili inayorithishwa kutoka kwa dada mmoja kwenda kwa mwingine ndiyo inayozaa bia za ajabu ajabu, kila mmoja anakuambia mwenzangu alisema ni sita, na mwenzake keshapanda daladala.

Cha jikoni nacho ukikiletewa kilipe palepale kama una hela mkononi. Bili ya chakula na ya vinywaji huwa ni karatasi mbili tofauti hata kama anakuletea mtu mmoja, na mwisho wa usiku ndipo zinapochanganywa, unasikia "jumla ni elfu themanini na mbili" bila kujua mbuzi ni ngapi na Kilimanjaro ni ngapi.

Halafu suala la chupa. Mimi dada akija kusafisha meza namwambia kistaarabu tu, dada chupa ziache hapo hapo. Hazipendezi, najua, meza inakuwa kama ghala, lakini ndiyo hesabu pekee ambayo mnaiona wote wawili. Kama meza ni ndogo basi vizibo vikae kwenye kisosi. Kuna siku tulikuwa sehemu moja Sinza, siitaji, mshikaji wetu kapata dili lake na ameamua kutukalisha, meza imejaa, kila chupa ikiisha inaondolewa haraka haraka kama vile kuna ukaguzi. Bili inakuja imezidi wazi wazi na hakuna mwenye ushahidi wa chochote. Tukajua baadaye kidogo, dada wa watu hakuiba hata moja. Kulikuwa na majamaa meza ya nyuma waliokuwa wanasema "mwambie bosi pale atalipa", na yeye akaamini kwa sababu bosi alishawapungia mkono mara mbili tatu. Sasa hapo utamlaumu nani? Ukiwa ndio mwenye pochi siku hiyo, sema mapema na kwa sauti, dada bili yangu ni mimi na hawa wawili, mwingine yeyote akiagiza njoo uniulize. Utaonekana bahili dakika mbili, haiui. Mapedeshee wanaofilisika hawafilisiki kwa bia walizokunywa wao.

Bia ifunguliwe mbele yako, hilo halina mjadala. Na akikuuliza "moto au baridi" jibu vizuri, maana ukisema "yoyote" utaletewa ile iliyokaa juu ya friji tangu mchana.

Sasa nyama, hapa ndipo watu wanaumia kimya kimya. Kitu cha kwanza, nyanyuka. Usiagize mbuzi ukiwa umekaa. Nenda mpaka pale kwenye kioo inaponing'inia, angalia, gusa ukiruhusiwa, mwambie nataka mbavu na kipande cha paja, siyo shingo tupu, halafu simama hapo nyama ikipimwa kwenye mzani. Mchoma nyama akikuona umesimama anakata tofauti na anavyokata kwa mtu aliyetuma mhudumu, hiyo ni tabia ya binadamu tu wala siyo wizi. Uliza kilo ni bei gani ikiwa imeshachomwa, na uliza kama ndizi na kachumbari zimo ndani au zinahesabiwa pembeni. Na ujue kilo inapimwa mbichi na mifupa yake, ikitoka kwenye moto imenywea, kwa hiyo ukiiona sahani imepungua usianze fujo kabla hujakumbuka hilo. Watu wanne wenye njaa ya kweli kilo moja haiwatoshi, msidanganyane.

Pia mwambie aiwekee alama. Siku za Jumamosi jiko moja linakuwa na oda za meza kumi na tano juu ya wavu mmoja, zote zinafanana, na mbavu zako ulizozichagua kwa macho yako zinaweza kuishia kwa mtu mwingine wewe ukaletewa mfupa wa goti. Wachomaji wazuri wana utaratibu wao, wengine wanachanja kipande, wengine wanachomeka kijiti, we muulize tu "yangu utaijuaje?" akibabaika rudi baada ya robo saa uchungulie.

Mbuzi wa kweli kachomwa taratibu anachukua karibu saa nzima. Ukiletewa ndani ya dakika kumi na tano ujue ilishachomwa mchana ikapashwa, utaisikia kwenye meno. Ndio maana mimi nikifika naanza na jikoni kwanza, bia baadaye, au kama njaa inauma natoa oda ya supu na chapati wakati nasubiri. Kama mezani mna mtu asiyekula kitimoto uliza mapema kama wavu na kisu ni tofauti, usimsubirishe mwenzako agundue mwenyewe.

Kitu ninachokiangalia kuliko hata nyama ni maji ya kunawa. Dada anakuja na birika na beseni, maji ni ya vuguvugu, sabuni ipo, anakumiminia mpaka uridhike. Sehemu inayofanya hivyo vizuri huwa na jikoni kwao kuna adabu. Ukimiminiwa maji baridi kidogo kidogo na beseni lina mabaki ya wali wa mtu mwingine, kula chipsi mayai uondoke.

Vinywaji vikali nitapita haraka: nunua chupa ndogo iliyofungwa, siyo toti kutoka kwenye chupa usiyoijua. Tangu viroba, zile pombe kali za pakiti, vipigwe marufuku Machi 2017 chupa ndogo zipo za kutosha, na zina stempu ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ambayo unaweza kuihakiki kwa simu.

Huko Masaki na Mikocheni, kwa wenye hela zao, mambo yanageuka, mfuko ni mmoja, bili moja, hakuna habari ya chupa mezani na ukiziomba watakushangaa. Huko unachokagua ni menyu kabla ya kukaa. Angalia maandishi madogo chini kabisa kama bei zimejumuisha VAT au bado, maana asilimia 18 juu ya samaki wa elfu arobaini ni elfu saba na mia mbili, nauli ya kurudi hiyo. Sehemu nyingine wanaongeza na ya huduma, sasa kama umeshakatwa ya huduma hulazimiki kuacha tena juu ya meza. Na dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, siyo ile karatasi ya bili iliyoandikwa vizuri, hizo ni vitu viwili tofauti.

Kuhusu kumwachia mhudumu chochote, baa za kawaida mimi naacha, na namwachia mwanzoni siyo mwisho. Buku mbili ukikaa inakufanyia kazi usiku mzima. Akikuambia "na mimi je, hujanipa ya kwangu" na umeamua kumpa bia, usishangae humuoni akiinywa, wengi wanaiacha kaunta wanachukua hela yake wakifunga. Ni haki yake, ana nauli ya bodaboda saa tisa usiku.

Mwisho malipo kwa simu. Omba lipa namba ya baa, na jina likitokea kwenye simu lisome kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu, uliza. Mara nyingi ni la mhudumu au la mtu wa jikoni, hakuna ubaya, ila atakuambia uweke na ya kutolea, na hiyo ni gharama ambayo kwenye lipa namba ungeikwepa. Muonyeshe meseji akiwa amesimama pale pale, asubiri yake nayo iingie, maana usiku mtandao unayumba na mlinzi wa getini haelewi habari za mtandao. Na meseji usiifute mpaka kesho yake.