Sehemu ya siri ndani ya droo

Ndugu yangu, nimekuelewa: unataka kuficha hati na vito ndani ya kabati lako la droo bila kuliharibu, na hujui uanzie wapi.

Ningekushauri uweke sakafu ya pili ndani ya droo, kazi ambayo hata asiye fundi anaimudu. Chagua droo yenye kina, ukate plaiwudi ya milimita 6 iliyo pungufu kidogo kuliko nafasi ya ndani, kisha uilaze juu ya vipande vya mbao ulivyogundisha pembeni. Toboa tundu dogo kwenye sakafu ya chini, ili uweze kupenyeza kalamu na kuisukuma ile ya juu ikainuka. Sentimita 3 za nafasi zinatosha. Ukizidisha, anayefungua droo atagundua kwamba kina cha ndani hakilingani na kimo cha uso wake wa nje. Tena, paka rangi ifanane na droo nyingine, kwa maana mbao mpya ndani ya samani kuukuu huonekana mara moja.

Fahamu, hata hivyo, kwamba mbao hazizuii moto wala unyevu, kwa hiyo hati zisizo na mbadala zihifadhi benki. Silaha na dawa usizifiche humo kabisa, kwani watoto hugundua mengi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kabati lisije likauzwa na vitu vikiwa ndani. Kama ni samani ya kale yenye thamani, mwone seremala kabla hujatoboa chochote.