Maswali ya Wasomaji: Kigoma hadi Guangzhou ni masaa mangapi?

SWALI: Naenda Guangzhou kufuata mzigo wa viatu. Nimepima kwenye intaneti umbali kutoka uwanja wa Kigoma, nikapewa kilomita 9,576 na masaa 11. Wakala wa tiketi anasema nijiandae kwa siku nzima. Nimwamini nani? – *Msomaji, Ujiji*

JIBU: Wote wako sahihi. Programu imepima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ikagawa kwa kilomita 900 kwa saa, mwendo wa ndege kubwa, kisha ikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ila ndege ya kukutoa Kigoma moja kwa moja hadi China haipo.

Kigoma–Dar es Salaam ni kama kilomita 1,077. Ile Bombardier ya pangaboi (Dash 8-400) hukimbia kilomita 650 hivi kwa saa, kwa hiyo hesabu masaa mawili. Ikipitia Tabora, umbali hauongezeki hata kilomita 10, maana Tabora iko karibu kabisa na njia. Kinachoongezeka ni muda: kushuka, kushusha abiria, kupakia, kupaa tena. Dakika 40 zinaondoka hivi hivi.

Dar–Guangzhou ni kama kilomita 8,711. Kwa Boeing 787 ni masaa 10 na dakika 10, na ratiba huandika zaidi kidogo kwa sababu rubani hufuata njia za anga zilizopangwa. Jumla, angani ni masaa 12 na nusu. Muda mwingine wote unaishia kusubiri Dar.

Hapo usibane. Kama tiketi ni mbili tofauti, acha angalau masaa matano. Utachukua begi, pengine utabadili jengo, na kaunta nyingi za safari za nje hufungwa saa moja kabla ya kuruka. Bombardier ikichelewa masaa mawili, hasara ni yako. Tiketi ikiwa moja, shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Ukiwa bado Kigoma, soma lebo ya begi: ikiandikwa CAN litafika Guangzhou, ikiandikwa DAR litaishia Dar.

Saa za tiketi nazo huwachanganya wengi. Kila saa ni ya mji husika, na Guangzhou iko mbele yetu kwa masaa matano. Tuseme unaruka Dar 12:00, yaani saa sita mchana, unatua 03:30 kesho yake. Tofauti ni masaa 15 na nusu. Toa matano, safari ni masaa 10 na nusu. Wakati wa kurudi, unajumlisha matano. Na tiketi ya 00:30 tarehe 14 ina maana uwe uwanjani tarehe 13 usiku. Wapo wanaofika tarehe 14 jioni, ndege imeshaondoka.

SWALI: Mbona kurudi kutoka China huchukua muda mrefu kuliko kwenda? – *Msomaji, Tabora*

JIBU: Upepo. Huko juu, kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, nao huwa mkali zaidi Desemba hadi Februari. Wakati wa kwenda unakusukuma, wakati wa kurudi unakukabili. Kilomita 4,000 dhidi ya upepo wa kilomita 100 kwa saa zinaongeza dakika 33.